UZI: Sanamu ya askari Kenyatta Avenue inaahidi jina kukumbukwa, mbona haina hata jina moja?

#1 MpitaNjia (mleta uzi)

Salaam, wanajukwaa.

Kila siku ya kazi mimi hupita Kenyatta Avenue kwa miguu, na kwa miaka tisa nimeipita ile sanamu ya askari bila kuisoma. Juma lililopita mvua ilinikuta pale, nikajibanza chini ya mwavuli wa muuza magazeti, na mvua ilipopungua nikaenda kuyasoma maandishi yaliyo kwenye kitako chake. Yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili cha zamani, na sentensi ya mwisho inamwambia askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Niliizunguka sanamu yote nikiyatafuta majina yenyewe. Sikuona hata moja.

Dai langu ni hili: sisi wakazi wa Nairobi tunawasifu askari vijana kwa jumla lakini hatumjui hata mmoja wao. Tangu jeshi letu liingie Somalia mwaka 2012 chini ya Umoja wa Afrika, kila Oktoba tunawaita mashujaa, tunanyamaza dakika moja, kisha tunarudi kwenye shughuli zetu. Muulize abiria aliyeketi kando yako katika matatu akutajie kijana mmoja aliyeanguka kule na akueleze alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alikuwa mpole au mkali. Atanyamaza, kama mimi nilivyonyamaza nilipojiuliza. Kwa nini iko hivi? Ningependa kusikia maoni yenu, hasa wenye ndugu jeshini.

#2 Mwalimu_wa_Historia

Uzi mzuri, MpitaNjia, ila naomba kusahihisha tarehe. Wanajeshi wetu walivuka mpaka Oktoba 2011, katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na ni mwaka 2012 walipoingizwa rasmi katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia. Ndiyo sababu Siku ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, huadhimishwa tarehe 14 Oktoba. Ile ya tarehe 20 ni Siku ya Mashujaa wote, wakiwemo waliopigania uhuru.

Kuhusu sanamu yenyewe, iliwekwa kwa ajili ya Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Juu yake wamesimama watu watatu: mmoja ni askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwingine ni wa kikosi cha Waarabu wa pwani, na wa tatu ni mpagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo. Huyo wa tatu ndiye anayestahili kusimamiwa muda mrefu zaidi. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, malori yalizama katika tope, kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila machela vilisafiri juu ya kichwa au bega la kijana Mwafrika. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa lazima, na mwaka 1917 ukaja msako mkubwa uliosimamiwa na John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na unga wa mahindi uliopikwa vibaya, ambao matumbo ya wengi wao hayakuuzoea.

Mtaa wetu wa Kariokor unatokana na jina la kikosi hicho, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam.

#3 KijanaWaJogooRoad

Mwalimu, nimezaliwa dakika kumi kutoka Kariokor na miaka yote nimeamini kwamba ni jina la soko la vikapu. Asante. Wazee wa kwetu husema pia kwamba soko la Burma, pale karibu na Uwanja wa City, lilipewa jina hilo kwa sababu ya askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo huenda tunawakumbuka kila siku tunaponunua nyama, ila hatujui kwamba tunawakumbuka.

#4 Mwalimu_wa_Historia

Hapo umesema jambo, kijana wangu, ingawa kukumbuka bila kujua unachokumbuka sijui kama kunaitwa kukumbuka. Nami nashangaa ulivyofaulu mtihani wa historia ukiwa unaishi ndani ya historia usiyoijua.

#5 Afande_Mstaafu

Nilitumikia jeshi miaka kumi na minane, na sehemu ya miaka hiyo nilikuwa Sekta ya 2 kule kusini mwa Somalia. Naomba nieleze upande ambao raia hawauoni.

Jeshi halifichi majina kwa dharau. Adui husoma magazeti na husoma majukwaa kama hili. Akijua ni wangapi wameanguka, kutoka kikosi kipi, atajua pia waliobaki ni wangapi na kambi gani imepungukiwa. Zaidi ya hayo, jina likitoka kabla afisa hajafika nyumbani kwa wazazi, mama husikia habari za mwanawe kutoka kwa mtu wa bodaboda. Nimeona jambo hilo likitokea, na sitaki kuliona tena.

Msidhani kwamba sisi wenyewe tunasahau. Ndani ya kambi mashada ya maua huwekwa, tarumbeta hupigwa, na wenzake marehemu husimama wakiwa wanajua vizuri wanamlilia nani. Heshima ipo. Ninyi wa nje hamwioni kwa sababu haikuwekwa ili mwione.

#6 MpitaNjia

Nimekuelewa, Afande, na pole kwa uliyoyaona. Lakini siri ya vita ina muda wake. Mwaka mmoja, miwili, hata mitano, ni sawa. Shambulio la kambi yetu ya El Adde, kule Somalia, lilitokea tarehe 15 Januari 2016. Adui wa leo atafaidika nini kwa kujua kijana aliyeanguka siku ile alisoma wapi na alikuwa na tabia gani?

#7 BintiWaTaveta

Hamjambo. Naishi South B lakini kwetu ni Taveta, chini ya kilima cha Salaita, ambako watu walipigana Februari 1916. Kaka yake babu yangu mzaa baba alichukuliwa awe mpagazi akiwa kijana ambaye hajaoa. Aliondoka na vijana wenzake wa kijiji na hakurudi. Hatuna kaburi lake, hatuna karatasi, hatuna tarehe. Tunalojua juu yake ni moja tu, ambalo nyanya alilisimulia kila mara: alikuwa na mazoea ya kuongea na mbuzi wake kama anaongea na watu, na asubuhi aliyochukuliwa mbuzi walikaa zizini mpaka jua likawa kali kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwafungulia.

Nasoma kwamba sanamu inasema wana watalikumbuka jina. Wana gani? Vijana hawa walikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, ishirini, ishirini na mmoja. Walikufa kabla ya kuoa. Ahadi ile iliandikwa kana kwamba kila askari ni mzee mwenye boma, na wengi walioanguka hawakuwa na mtoto wa kuwakumbuka. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali la mleta uzi. Kijana akifa vitani hufa pamoja na wale ambao wangemtaja.

#8 Otis_wa_Siaya

Binti, maneno yako yamenigusa, lakini kwetu si hivyo. Marehemu huja ndotoni kwa ndugu na kudai jina lake lipewe mtoto, awe aliacha wana au hakuacha. Binamu yangu aliyekuwa jeshini alifariki akiwa na miaka ishirini na minne, bila mke. Leo kuna mtoto wa darasa la pili anayeitwa jina lake, na bibi zetu humwita kwa heshima kama wanamwita askari. Jina halihitaji shaba wala mawe.

#9 Wanjiru_K

Kwetu Wakikuyu jina hufuata zamu: wazazi wa baba, wazazi wa mama, kisha ndugu za wazazi. Kijana asiye na mtoto husubiri mpaka dada yake azae watoto wengi, na siku hizi nani anazaa watoto sita hapa Nairobi? Nyumba ya chumba kimoja na karo za leo zimekata zamu hiyo katikati. Namuunga mkono BintiWaTaveta.

#10 Otis_wa_Siaya

Basi mwolewe Siaya, Wanjiru, ndoto ziwasaidie.

#11 Wanjiru_K

Nitaipeleka posa hiyo kwa baba yangu, Otis, na jibu lake sitalibandika hapa. Turudi kwenye mada.

#12 Mzalendo_Embakasi

Mimi nitasema jambo ambalo huenda halitapendeza. Tunachanganya watu wawili tofauti. Mpagazi wa 1917 alikamatwa kama mwizi na kubebeshwa mzigo wa vita visivyo vyake. Huyo alionewa, na aliyeonewa huliliwa. Askari wa leo alipanga foleni uwanjani kwa hiari yake, akakimbia, akakaguliwa meno na miguu, akafurahi alipopewa barua ya kuitwa Eldoret kwa mafunzo ya kuruti. Wengi wanakwenda kwa sababu ya mshahara, kwa kuwa ajira nyingine hazipo. Sisemi kwamba kifo chao si kitu. Nasema kwamba watu wanaiona kuwa kazi, kama udereva wa malori ya masafa marefu, na ndiyo maana hawaulizi majina. Dereva akifa barabarani, nani humjengea sanamu?

#13 Afande_Mstaafu

Ndugu Mzalendo, sikatai kwamba wengi wetu tuliingia kwa ajili ya mshahara. Mimi mwenyewe niliingia kwa sababu baba alikuwa na watoto saba na ng'ombe mmoja. Lakini sababu iliyokupitisha langoni siyo inayokushikilia usiku wa tatu wa doria, ukiwa umebaki na lita moja ya maji na mwenzako ana homa.

Nitawasimulia habari za kijana mmoja, bila kumtaja. Alikuwa mdogo kuliko wote katika seksheni yangu, ana miaka ishirini na miwili, mwenyeji wa Kitui, mwembamba, msemaji sana habari zikiwa za mpira na mkimya kabisa zikiwa zake mwenyewe. Mwenzake mmoja alishikwa na malaria lakini hakutaka kuonekana dhaifu. Kwa usiku nne mfululizo kijana huyu alisimama zamu mbili za ulinzi, yake na ya mgonjwa, bila kumwambia mtu. Nilijua tu siku aliposinzia kijiko kikiwa mdomoni. Nilimkemea, kwa sababu mlinzi aliyechoka ni hatari kwa wote, akasema "Ndiyo, afande", kisha usiku uliofuata nikamkuta ameketi kando ya mgonjwa akimpepea kwa kifuniko cha boksi la risasi.

Aliuawa na bomu lililotegwa barabarani, miezi miwili baadaye. Baada ya mazishi baba yake alisafiri kutoka Kitui mpaka nyumbani kwangu, nilipokuwa likizo. Alikuwa amekuta daftari katika sanduku la mwanawe, na ndani yake imeandikwa kwamba nilimkopesha shilingi mia tatu. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikataa kuzipokea, na mzee akakataa kunywa chai mpaka nilipozipokea. Noti zile bado ninazo.

Unauliza kama ilikuwa kazi. Ndiyo, ilikuwa kazi. Lakini sijui ni mshahara upi unaomlipa mtu kwa zamu ya pili.

#14 Mzalendo_Embakasi

Afande, naomba radhi kwa mfano wa dereva. Hoja yangu kuhusu namna watu wanavyoona bado naishikilia, lakini nimeisoma habari hiyo mara mbili na nimemsomea mke wangu.

#15 MkaziWaNgongRoad

Wanajukwaa, tusiseme kwamba Nairobi haina majina. Katika makaburi ya vita ya Ngong Road kuna zaidi ya makaburi 1,900 ya Vita vya Pili vya Dunia, mawe yamepangwa kwa safu, kila moja na jina lake ikiwa linajulikana, pamoja na cheo na kikosi. Pale pale kuna ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki ambao hawana kaburi linalojulikana, ikiwa ni pamoja na waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944. Meli hiyo ilitoka Mombasa ikielekea Sri Lanka, wakati ule ikiitwa Ceylon, imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na nyambizi ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldivi. Watu 1,297 walikufa, na meli ilizama kwa muda mfupi sana. Nimekaa miaka mingi jirani na mahali pale, na katika Jumapili moja ya kawaida huwaona watalii wachache na wanafunzi wanaotafuta kivuli cha kusomea. Majina yapo. Wasomaji ndio hawapo.

#16 Mwalimu_wa_Historia

Asante kwa sahihisho hilo, jirani, nami nilipaswa kulitaja mapema. Lakini tazameni tofauti ya vita viwili. Wa vita vya pili wengi waliandikwa. Wa vita vya kwanza, walioamua mambo hayo walisema Mwafrika atatosheka na ukumbusho wa jumla. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti yake yenyewe, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huo huo. Pesa za mishahara ya wapagazi waliokufa, ambazo hazikudaiwa, hazikufika kwa jamaa zao. Kwa hiyo naona kwamba tulirithi desturi: mkubwa ana jina, mdogo ana idadi. Uhuru ulipokuja tulibadilisha bendera lakini desturi hiyo hatukuigusa.

Tena kuna jambo ambalo halikuwahi kutoka moyoni mwangu tangu nilijue. Maneno ya sanamu ile yaliandikwa na Rudyard Kipling, mwandishi na mshairi Mwingereza. Mwanawe wa pekee, John, aliuawa Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa na miaka kumi na minane, na baba alikufa bila kuonyeshwa kaburi lake. Mtu aliyewaahidi askari wetu kwamba wana watawakumbuka baba zao alikuwa baba anayemkumbuka mwana.

#17 WakiliKijana

Mwalimu, habari hiyo ya mwana asiye na kaburi si ya Ulaya tu. Nimewahi kuisaidia familia moja ambayo kijana wao hakupatikana, hai wala maiti. Sheria ya Ushahidi ya hapa nchini inasema mtu ambaye kwa miaka saba habari zake hazijasikika kwa wale ambao wangetarajiwa kuzisikia anaweza kuchukuliwa kuwa amefariki. Miaka saba. Katika muda huo mke si mjane, wazazi hawawezi kumzika, na kila simu yenye namba ngeni hupokewa kwa kukimbia. Mama yake alikuwa akiacha taa ya nje ikiwaka kila usiku, na alipoambiwa umeme ni ghali, alizima jokofu.

Kwa hiyo ninaongeza sababu nyingine kwenye rundo lenu: hatuwezi kumtaja ambaye hatujakubali kwamba amekufa.

#18 Raia_Mwema_Donholm

Mnazunguka. Sababu ni siasa, basi. Baada ya El Adde, Rais wa Somalia wa wakati huo alitaja idadi inayokaribia 200, jeshi letu likakanusha, na shirika moja la habari la kigeni likataja 141. Serikali yetu haikutangaza idadi yake. Tarehe 27 Januari 2016 marais watatu walihudhuria ibada ya kumbukumbu kule Eldoret, na tarehe hiyo hiyo mwaka mmoja baadaye kambi yetu nyingine kule Somalia, ya Kulbiyow, ikashambuliwa. Majina yakiandikwa ukutani yatahesabika. Yakihesabika, watu watauliza ni nani aliyewapeleka na kwa mpango gani. Ukuta wenye majina ni hesabu iliyoandikwa.

#19 Afande_Mstaafu

Hesabu iliyoandikwa ni nzuri, ndugu, na hata sisi tungependa iandikwe. Ninachokataa ni kuwatumia marehemu kama fimbo ya kumpigia mwanasiasa, huyu leo na yule kesho. Kijana wa Kitui hakuwa hoja ya mtu.

#20 Raia_Mwema_Donholm

Afande, kuuliza ni nani aliyewapeleka pia ni kuwaheshimu. Hatutaelewana hapo, na nakuheshimu hata hivyo.

#21 Mdau_wa_Dar

Jirani zenu kutoka Dar es Salaam tunafuatilia. Sanamu yetu ya Askari, pale Samora, ni ya mchongaji yule yule na ina maneno hayo hayo, ila yetu ni askari mmoja, na singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Tarehe 25 Julai kila mwaka tuna Siku ya Mashujaa, ambapo huwekwa mkuki na ngao, upinde na mshale, na maua. Waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wana makaburi yao Kaboya. Hata hivyo, nikijiuliza swali la mleta uzi kuhusu tabia zao, nami nanyamaza.

#22 KijanaWaJogooRoad

Je, polisi waliokwenda Haiti tuwahesabu pia? Nauliza kwa sababu mmoja wa mtaa wetu yuko kule.

#23 WakiliKijana

Wale ni polisi, walianza kwenda Juni 2024, na si KDF, kwa hiyo sheria zinazowahusu ni tofauti. Kwa mzazi sidhani kama rangi ya sare inabadilisha kitu. Mwombee ndugu yako.

#24 MamaKayole

Wanangu, hamjambo. Mimi si mwandishi. Binti yangu ndiye aliyenionyesha uzi huu, na ndiye ananisaidia kupiga chapa.

Mwanangu alikuwa askari. Alirudishwa katika sanduku lenye bendera. Sitasema mwaka wala mahali, maana kuna mama wengine wa siku ile ile na sijawauliza. Walimpigia risasi za heshima, wakakunja bendera wakanipa, wakanipigia saluti. Walifanya vizuri, siwezi kuwalaumu. Tangu siku ile watu wengi wamekuja hapa nyumbani. Wa kanisani, wa chama, wa serikali ya mtaa, hata waandishi wa habari. Wote waliniuliza swali moja, alikufaje. Afisa mmoja, ambaye sitamtaja, aliniuliza kama nimemaliza kujaza fomu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza alikuwa mtu wa namna gani.

Sihitaji jina lake ukutani. Likiwekwa nitafurahi, lisipowekwa nitaishi. Lakini nimesoma ya yule kijana wa Kitui na nikalia kwa furaha, kwa sababu yuko mtu anayemjua.

#25 MpitaNjia

Shikamoo, mama. Pole sana. Nilianzisha uzi huu nikitafuta majina, na sasa naona niliuliza nusu ya swali. Ikiwa utapenda, na usipopenda tutaelewa: alikuwa mtu wa namna gani?

#26 BintiWaTaveta

Shikamoo, mama. Nami naomba.

#27 Otis_wa_Siaya

Tuko hapa, mama. Chukua muda wako.

#28 MamaKayole

Marahaba, wanangu. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika nikafuta.

Alikuwa msafi kupita kiasi. Hata alipokuwa shule ya msingi alilala na suruali ya shule chini ya godoro ili inyooke, kwa kuwa pasi hatukuwa nayo. Alikuwa na hasira za haraka, akikasirika alitoka nje akazunguka nyumba, akirudi ameshasahau. Aliimba katika kwaya kwa sauti mbaya sana, na mwalimu wa kwaya alimpenda hivyo hivyo kwa sababu hakukosa zoezi hata mara moja. Alipoanza kupata mshahara alimlipia dada yake karo, ndiye huyu anayepiga chapa, na kila Jumapili mtandao ukipatikana alimpigia simu na kumfanyisha hesabu za sehemu na desimali. Wakati mwingine upepo wa kule ulivuma kwenye simu mpaka hatusikii, naye anazidi kupaza sauti, "kigawe kidogo cha shirika ni ngapi?" Majirani walidhani tunagombana.

Alinunua viti vinne. Akasema cha tano atanunua akioa.

Alikuwa na marafiki wengi kuliko nilivyojua. Siku ya mazishi alikuja mtu anayeuza mitumba Gikomba, akalia kuliko sisi, na mpaka leo sijui walijuana vipi.

#29 Mwalimu_wa_Historia

Mama, asante. Nafundisha kidato cha pili, na kila Oktoba huwaeleza wanafunzi habari za Linda Nchi kwa tarehe na ramani. Je, unaniruhusu niwasomee maneno yako tarehe 14, bila kutaja chochote kinachoweza kumtambulisha? Baada ya kusoma ningependa kuwaambia kwamba alikuwa kijana shujaa asiyejua woga.

#30 MamaKayole

Wasomee, mwalimu. Ila hilo la mwisho usiseme, si kweli. Aliogopa mbwa tangu utotoni. Alipokuja likizo, askari mzima na buti zake, alizunguka mpaka barabara ya nyuma ili asipite lango la jirani mwenye mbwa, na dada yake humtangulia kuangalia kama amefungwa.